Mchi, Mshumaa na Kisima: Utangulizi wa Ubunifu wa Mandhari katika Filamu za Visakale

Wanaume wawili wanakatiza nyika ya Mali wamebeba mchi mabegani. Ni mti mzito, ndugu wa ule unaotwangia mtama katika ua wowote wa kijijini, ila huu umetiwa dawa: unainusa njia ya mkimbizi na kuwakokota wabebaji wake kumwelekea. Hakuna radi, hakuna cheche. Wabebaji wanayumba, wanavutwa, wanajaribu kusimama wanashindwa, nasi tunaamini kwamba mti ule una nia yake. Filamu ni Yeelen ya Souleymane Cissé, iliyotunukiwa Tuzo ya Majaji kule Cannes mwaka 1987. Kisa chake ni cha Wabambara wa zamani: baba mganga anamsaka mwanawe wa kumzaa ili amuue. Ukihesabu kilichohitajika kuipata ajabu ile mbele ya kamera, utapata mti mmoja, mchongaji mmoja, na waigizaji wawili walioelezwa vizuri uzito uko upande gani.

Karibu katika taaluma inayofanya hesabu za namna hiyo. Ubunifu wa mandhari ni kazi ya kuamua kila kitakachoonekana nyuma ya mwigizaji, chini ya nyayo zake na mkononi mwake: kuta, milango, vyungu, rangi ya vumbi, umri wa mkeka. Mbunifu hushirikiana na mwongozaji, mpigapicha na fundi wa maleba, na kamera inapowashwa kwa mara ya kwanza yeye huwa ameshaishi ndani ya dunia ya hadithi kwa majuma mengi. Cheo chenyewe si cha zamani sana. Anayetajwa kuwa wa kwanza kupewa ni Mmarekani William Cameron Menzies, kwa filamu ya Gone with the Wind ya mwaka 1939, ambayo aliichora tukio kwa tukio kabla haijapigwa picha. Kwetu Afrika Mashariki kazi hii mara nyingi haina mwenyewe. Mwongozaji hutafuta nyumba, mtayarishaji huazima makochi kwa shangazi yake, mwigizaji huja na nguo zake kwenye begi. Filamu ya mapenzi ya mjini inaweza kupona kwa mtindo huo. Filamu ya kisakale haiponi.

Haiponi kwa sababu imebeba madai mawili yanayovutana. Kale inadai ushahidi: mlango huu ulikuwapo wakati ule, kikombe hiki kilitoka wapi, nani alikuwa na uwezo wa kuvaa rangi hii? Ajabu nayo inadai uhuru: jitu lile lina kimo gani, nyoka anayekula mabikira anakaa wapi, mchawi huonekanaje anapopaa? Mbunifu asiye na fedha hushawishika kulitimiza dai la pili kwa kulitelekeza la kwanza. Husema, hii ni hadithi ya kubuni tu, kwa hiyo chochote kinafaa. Akamvika mfalme pazia la dirishani na kumpa upanga wa plastiki. Matokeo yake tunayajua. Mtazamaji haoni mfalme wala haoni ajabu, anaona pazia.

Hoja nitakayoifuata katika kitabu hiki inakwenda kinyume cha kishawishi hicho. Naamini kwamba ajabu hukaa vizuri zaidi ndani ya kitu cha kawaida cha zama zile, kitu ambacho tungetegemea kukikuta jikoni au ukutani hata kama hadithi isingekuwa na uchawi wowote. Anayekijua kitu hicho barabara, namna kilivyotengenezwa, kilivyochakaa, kilivyoshikwa, hahitaji fedha nyingi kukigeuza kiwe cha ajabu. Asiyekijua, hata apewe mamilioni, ataishia kwenye moshi wa rangi.

Historia ya mwanzo nitaipita mbio. Ufundi wa kudanganya jicho kwa kitambaa na mbao ulitoka jukwaani, na Georges Méliès alikuwa tayari ameupeleka mbali katika safari yake ya mwezini ya mwaka 1902. Wajerumani waliotengeneza Das Cabinet des Dr. Caligari, filamu ya mwaka 1920, yaani Hermann Warm, Walter Reimann na Walter Röhrig, walichora mji mzima kwenye turubai, na pamoja na mji wakachora vivuli na miali ya mwanga, kutani na sakafuni. Ni werevu mkubwa. Kivuli cha kuchorwa hakihami jua likihama wala hakidai taa. Lakini mji ule ni wa mwendawazimu, na unafaa kwa sababu hiyo. Kila ninapoona filamu ya kihistoria ikiiga kuta zake zilizopinda bila kuwa na mwendawazimu ndani, najua mbunifu ameazima suluhisho la tatizo la mtu mwingine.

Kwa msomaji mgeni, shule bora kuliko zote ni La Belle et la Bête, yaani Mrembo na Mnyama, ya Jean Cocteau, iliyotolewa mwaka 1946. Ilipigwa picha kati ya Agosti 1945 na Januari 1946, Ufaransa ikiwa ndiyo kwanza imetoka vitani. Umeme ulikatika ovyo. Mikanda ya filamu ilipatikana kwa vipande vya ubora tofauti. Nguo ziliuzwa kwa mgao, na katika kumbukumbu alizokuwa akiandika kila siku Cocteau anahangaika hata na shuka za tukio moja la kuanika nguo. Mbunifu mkuu alikuwa mchoraji Christian Bérard, na uamuzi wake wa kwanza ulikuwa kuzigawa dunia mbili. Nyumba ya mfanyabiashara ilifuata michoro ya Waholanzi wa karne ya 17, yenye madirisha, vyombo na kazi za mikono. Mtu angeweza kuhamia kesho yake. Ngome ya Mnyama ilifuata michoro ya Gustave Doré, na sehemu kubwa yake ni giza tupu.

Litazame giza hilo kwa makini. Baba wa msichana anaingia ukumbini usiku, na mishumaa inawaka yenyewe mmoja baada ya mwingine. Vinara vimeshikwa na mikono ya watu iliyotokeza ukutani, nayo inageuka kumfuata apitapo. Kwenye meko kuna nyuso za mawe, lakini macho yake yanatembea na moshi unatoka puani. Mikono ni ya watu hai waliosimama nyuma ya ukuta mweusi, na nyuso ni za watu hai waliopakwa rangi ya jiwe. Kuwaka kwa mishumaa ni picha iliyorudishwa nyuma: mishumaa ilizimwa, kisha mkanda ukaendeshwa kinyume. Msichana anapoelea kwenye ujia kama asiyegusa sakafu, amesimama juu ya kigari kinachovutwa. Ukumbi wenyewe hauna dari wala pembe unazoweza kuzitaja. Bérard alijenga meza, kiti, meko, mlango na vinara, vyote vya kweli kabisa; palipobaki akaacha weusi, na akili ya mtazamaji ikamjengea ngome bila malipo.

Kuna jambo jingine kule ambalo wanafunzi hulipita. Mpigapicha wa filamu hiyo, Henri Alekan, alizungukwa na watu waliodhani hadithi ya ajabu lazima iwe na ukungu laini kwenye lenzi. Cocteau alikataa. Alitaka ukali, picha ngumu inayoonyesha kila uzi wa nguo na kila unywele wa Mnyama, manyoya ambayo mtaalamu wa uso, Hagop Arakelian, alitumia karibu saa tano kila siku kumbandikia mwigizaji Jean Marais. Nakubaliana na Cocteau kwa moyo wote. Ukungu ni kukiri kwamba kuna kitu unakificha. Kwa nje ya ngome, badala ya kujenga, walikwenda kwenye jumba la Raray, ambalo ukuta wake tangu zamani una sanamu za mbwa na wanyama wa mawindo zimejipanga juu kabisa. Mbunifu wa filamu hakuchonga hata moja. Alijua tu kwamba zipo.

Kujua kwamba kitu kipo ni nusu ya kazi yetu. Ingmar Bergman alipotengeneza The Seventh Seal, iliyotoka mwaka 1957, alipewa siku 35 tu za kupiga picha, na sehemu kubwa ikafanyika katika viwanja vya studio ya Råsunda na pori la karibu yake. Mbunifu P.A. Lundgren hakuwa na nafasi ya kujenga Sweden ya karne ya 14. Kilichomwokoa ni kwamba Bergman hakuitaka. Alitaka Sweden ya kwenye kuta za makanisa ya vijijini, ambayo aliiona tangu utotoni. Katika kanisa la Täby mchoraji Albertus Pictor alichora, karne ya 15, mtu anacheza sataranji na Kifo. Filamu inakaa juu ya ubao ule. Mwanahistoria mkali atasema vita vya msalaba, tauni na kuchomwa kwa wachawi havikukutana hivyo katika kizazi kimoja, na atakuwa na haki yake. Hata hivyo dunia ya filamu haiyumbi, maana sheria yake haikuwa kalenda, ilikuwa ukuta wa kanisa, na kila kitu kinachoonekana kingeweza kuchorwa pale. Hata ile ngoma ya Kifo kilimani, inayotajwa duniani kote, ilipigwa haraka jioni wingu zuri lilipotokea. Baadhi ya waigizaji walikuwa wameshaondoka, mafundi na watalii wawili watatu wakavalishwa maleba yao. Kwa umbali ule kilichohitajika ni vivuli vya watu, na vivuli havina majina.

Kutoka huko twende kwenye mzaha, kwa kuwa mzaha hufundisha bajeti kuliko msiba. Kundi la Monty Python lilipopiga picha za Holy Grail kule Scotland mwaka 1974, kwa gharama isiyofika pauni 300,000, lilikuwa limechagua ngome kadhaa za kale. Muda mfupi kabla ya kuanza, ruhusa ikafutwa karibu kwa zote. Zilizobaki ni ngome zilizokuwa mikononi mwa watu binafsi, Doune na Stalker, na Doune ikabidi iwe ngome karibu zote za hadithi: leo mlango huu, kesho ukumbi ule, keshokutwa ukuta wa nyuma. Minyororo ya vazi la vita ilifumwa kwa nyuzi na kupakwa rangi ya fedha. Mvua ya Scotland iliponyesha, mashujaa walibeba maji. Fedha ya kukodi farasi haikuwapo. Kila mtu anajua walichofanya: mtumishi anamfuata bwana wake akigonga vifuu viwili, na mlio wa kwato unapatikana.

Sisi watu wa pwani, tunaofanya vifuu kuwa upawa, tuna haki ya kuvionea fahari. Ila somo lake husomwa vibaya. Vifuu vile havichekeshi kwa kuwa ni rahisi tu. Vinachekesha kwa kuwa kila kitu kinachovizunguka ni kichafu na cha kweli: matope, nguo zilizooza pindo, jiwe la Doune lenye umri wake, wakulima wenye meno mabovu. Waongozaji wake wawili, Terry Gilliam na Terry Jones, walilipenda tope la zama za kati kwa dhati. Ngome ingekuwa ya maboksi, vifuu vingekuwa umaskini mwingine juu ya umaskini.

Afrika Magharibi imekwenda mbali katika sanaa hii, na inashangaza jinsi tunavyoisoma kidogo. Cheick Oumar Sissoko wa Mali aliitoa Guimba mwaka 1995 na kushinda tuzo kuu ya tamasha la FESPACO. Ni kisa cha mtawala katili katika mji wa kubuni, chenye uchawi na jua linalofunikwa, nao mji uliopigwa picha ni Djenné. Djenné ni mji wa udongo, na udongo wake hukandikwa upya na wakazi wenyewe wakipanda vijiti vilivyotokeza ukutani. Kwa hiyo una jambo ambalo hakuna fundi wa studio anayeliweza, yaani kuta za kale zenye ngozi mpya. Maleba yalikuwa ya Kandioura Coulibaly, msanii aliyekuwa katika kundi lililofufua bogolan, kile kitambaa cha pamba kinachotiwa rangi kwa majani na tope lililochacha. Matumizi makubwa katika filamu ile yako mwilini mwa watu. Mji ulikuwapo, nguvu ya mtawala ndiyo iliyohitaji kushonwa.

Miaka sita baadaye Dani Kouyaté wa Burkina Faso alitoa Sia, le rêve du python, kisa cha kale cha nchi ya Wagadu ambamo msichana hutolewa kwa chatu ili nchi ipate ustawi. Mtu mwenye kompyuta kubwa angeanza kwa kumchora chatu. Kouyaté hamuonyeshi kwa sababu katika filamu yake chatu hayupo. Wapo makuhani, na siri yao. Hapo ubunifu wa mandhari na maana ya hadithi vimekuwa kitu kimoja, na sijui mfano bora wa kumpa mtayarishaji anayelalamika kwamba hawezi kumudu joka.

Sasa ufundi. Kazi huanza kwenye mswada, kwa penseli, na mimi huwashauri wanafunzi wavigawe vitu vyote vya kila tukio katika safu tatu: kinachoguswa, kinachopitwa, na kinachosikika tu. Kinachoguswa lazima kiwe cha kweli kwa uzito, kwa ubaridi na kwa mlio. Mpe mwigizaji mchi wa sponji, na bega lake litasema uongo hata kama rangi imefaulu. Mpe mti, na mgongo utainama wenyewe. Kinachopitwa, kama nyumba za mbali, ngome ya kilimani au umati wa sokoni, kinaweza kuwa plaiwudi, turubai au mchoro. Tangu mwaka 1907 Norman Dawn alikuwa akichora sehemu za majengo zilizobomoka juu ya kioo kilichowekwa mbele ya kamera, na hila hiyo bado inafanya kazi leo kwa kioo cha dirisha na mkono uliotulia. Kinachosikika tu ndicho cha bei nafuu kuliko vyote, nacho husahauliwa. Jeshi linaweza kuwa vumbi na mlio. Bahari inaweza kuwa nyuma ya ukuta.

Safu ya kwanza ndiyo ipewe fedha, hata kama ni vitu vitano tu. Hapa waongozaji wengi hubishana nami. Wanataka fedha ziende kwenye picha pana ya ufunguzi inayoingia kwenye tangazo. Picha pana hukaa kwenye kioo kwa nukta chache. Kikombe cha mfalme hukaa kwenye kioo filamu nzima.

Kuhusu uchakavu, kosa la kudumu ni nguo zilizotoka kwa fundi jana. Nguo huchakaa kwa mpango: kwenye viwiko, magotini, kwenye pindo linaloburuzwa, begani palipobebwa mzigo. Maji ya chai huondoa weupe wa kitambaa kipya, msasa hulainisha mishono, jua la wiki mbili hufanya ambalo rangi haiwezi. Ukichovya nguo nzima kwenye tope mara moja, utapata nguo chafu, na uchafu hauna umri. Vivyo hivyo kwa kuta. Chokaa huanguka chini kwanza, panapopanda unyevu, na moshi wa jiko huacha weusi juu ya mlango, wala si popote fundi alipofika na brashi.

Pwani yetu ina mengi ya kutupa, na mitego mingi vilevile. Chukua kisakale cha Fumo Liyongo, ambacho Muhammad Kijumwa alikitungia utenzi mapema karne ya 20. Wataalamu wanabishana Liyongo aliishi karne ipi. Mbunifu hana anasa ya kubishana, anapaswa kuchagua. Tuseme amechagua wakati kabla ya Wareno, yaani kabla ya 1498. Mara moja shamba lake linapungua: hakuna mahindi, mihogo, nanasi, papai, nyanya, pilipili wala tumbaku, maana vyote vilikuja baada ya watu wa Ulaya kufika Amerika. Hakuna mikorosho, nayo imejaa katika kila lokesheni nzuri ya pwani. Hakuna kanga, vazi la karne ya 19, wala taa ya chemli. Milango mingi tunayoipiga picha Mji Mkongwe ni ya karne hiyohiyo ya 19. Hata kunguru wale wa mjini wana shida: waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo mlio wao kwenye sauti ya nyuma unaharibu asubuhi ya Liyongo, ijapokuwa ni watazamaji wachache watakaojua kwa nini.

Usikate tamaa. Kilichobaki ni kingi na hakina bei kubwa: matumbawe na chokaa, boriti za mikoko, makuti, mikeka, mtama na mchele, nazi, vyungu, shanga, na vipande vya kauri ya China, ambayo wenyeji waliipachika kwenye kuta na makaburi. Magofu ya Gedi yana kaburi lenye tarehe inayolingana na mwaka 1399, kwa hiyo kiwango cha ujenzi wa wakati ule unaweza kukipima kwa futi kamba. Kukipima, nasema, si kukipaka rangi. Kila kinachohitaji kuchafuliwa kijengwe kwa plaiwudi pembeni. Kwa heshima ya mji kuna siwa, na mbili zilizo maarufu kuliko zote, ya pembe ya ndovu ya Pate na ya shaba ya Lamu, zinaonekana katika Makumbusho ya Lamu. Mwenye macho atazichora pale, kisha ampelekee mchongaji wa mti.

Ajabu za Liyongo nazo zimeshawekwa tayari ndani ya vitu vya nyumbani, karibu kama zilizotungwa kwa ajili ya mtayarishaji maskini. Yuko kifungoni. Mama yake anamtuma kijakazi na mikate miwili, mmoja mzuri na mmoja wa wishwa. Walinzi wanakula ule mzuri, nao wa wishwa una tupa ndani. Usiku anaomba ngoma ya gungu ichezwe nje, na kelele za vyombo zinaficha mlio wa tupa kwenye pingu. Katika safu zangu tatu: mkate na tupa vinaguswa, gereza ni ukuta mmoja na tundu la mwanga, na ngoma yote inasikika tu. Hii ni seti ya chumba kimoja. Ukubwa wake wa jitu pia unapatikana kwa useremala. Mlango ushushwe ili ainame, kitanda kifupishwe ili miguu ipite, na vikombe vifinyangwe vya vimo viwili, kidogo kwa ajili ya mkono wake na kikubwa kwa mkono wa wengine. Kamera ikae chini. Mwigizaji mrefu wa kawaida atafanya yaliyobaki.

Kifo chake kinahitaji sindano ya shaba ya kitovuni, na hapo nisingebana matumizi hata kidogo: shaba halisi, iliyofuliwa na fundi, kwa kuwa kamera itakuja karibu nayo. Baada ya kuchomwa, Liyongo anapiga goti karibu na kisima, upinde umevutwa, naye anakufa katika mkao ule. Watu wa mji hawathubutu kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Wanafunzi niliowapa tukio hili hukimbilia kuchora shujaa. Ningependa wachore foleni. Mitungi mitupu, midomo iliyokauka, kivuli cha ukuta ambacho watu wamejibanza ndani yake kwa umbali ambao mshale haufiki, mama mwenye mtoto analia. Umbali huo, kati ya ukuta na kisima, ndio seti yenyewe, na gharama yake ni uwanja mtupu.

Utaniuliza kuhusu kompyuta. Programu za kuchora majengo na viumbe zimeshuka bei, na kijana mmoja chumbani anaweza leo kuisimamisha Kilwa nzima nyuma ya mwigizaji. Sizikatai; mnara wa mbali uliochorwa kwa kompyuta ni mjukuu wa kioo cha Norman Dawn. Ninachokikataa ni kuzitumia mahali pa utafiti. Programu haijui kunguru walikuja lini. Itakupa jumba la Kiarabu la popote, lenye nakshi za kila karne kwa mpigo, na litapendeza, na mzee wa Shela ataangua kicheko.

Mahali pa kujifunzia si pachache. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo inafundisha sanaa za jukwaani, na fundi wa jukwaa ni nusu ya fundi wa filamu. Tamasha la filamu la Zanzibar, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, limeonyesha kazi nyingi za Kiafrika ambazo sinema za kawaida hazizileti. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, filamu ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, haina uchawi, lakini imeirudisha Zanzibar ya miaka ya 1950 kwa rangi na nguo zaidi kuliko kwa majengo, na inafaa kutazamwa mara ya pili bila sauti. Nawashauri mtazame hivyo filamu zote nilizozitaja: sauti imezimwa, daftari mkononi, mkiorodhesha kila kitu kinachoguswa.

Sura zinazofuata zimepangwa kwa vitu, si kwa miaka wala kwa nchi: udongo na chokaa, mbao, nguo, moto na taa, chakula, na mwisho vyombo vya ajabu vyenyewe, ambavyo utavikuta vinategemea vyote vilivyotangulia. Kila sura ina zoezi moja linaloweza kufanywa kwa vifaa vya duka la mtaani. Ikiwa tayari una filamu mkononi na siku zimebana, ruka uende sura ya nguo kwanza. Ndiyo inayookoa fedha upesi zaidi, na chai ya kuchovyea vitambaa huhitaji siku mbili kukauka vizuri.